Mengineyo: Utangulizi wa Elimu ya Baraza

Ukihudhuria mkutano wa kijiji katika milima ya Usambara, usiondoke mapema. Saa nzima ya kwanza itakwenda kwa taratibu. Mwenyekiti atafungua kikao, mtendaji atasoma muhtasari wa mkutano uliopita, taarifa ya mapato na matumizi itasomwa kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na watu watapiga miayo. Kisha itafikiwa ajenda ya mwisho, ile inayoandikwa "Mengineyo". Hapo ndipo mzee aliyenyamaza tangu asubuhi anaposimama, anaweka kofia yake sawa, na kuuliza ni nani aliyeziba mfereji. Kabla hajamaliza, watu watano wamekwisha kusimama, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye aliyenyoosha mkono kwanza.

Elimu ninayokukaribisha inaanzia hapo. Mimi huiita elimu ya baraza, na swali lake kubwa ni hili: watu wasioelewana wanapokutanishwa mahali pamoja waseme, ni kitu gani kinachozuia maneno yao yasigeuke kuwa mapanga? Wanahistoria wameligusa swali hili, na wanasheria, wanaanthropolojia na wanaisimu pia. Wengi wao wamewatazama wasemaji, kwa kuwa msemaji ndiye anayevutia macho. Nakuomba wewe umtazame yule anayeongoza mazungumzo. Kazi yake ni ngumu kuliko ya wote, na akiifanya vizuri hakuna anayeikumbuka.

Tuanze na maneno yenyewe, maana Kiswahili kimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Kuamua ni kutoa uamuzi, lakini vilevile ni kuwatenganisha wanaopigana. Mtoto akija mbio akisema "njoo uwaamue," hakuombi hukumu. Anakuomba uingie katikati. Kukata shauri ni kufikia mwisho wa jambo, na shauri lenyewe ni ushauri, ni kesi, na ni tatizo, vyote kwa pamoja. Baraza ni kikao cha wakubwa, lakini kabla ya hapo ni kile kibaraza cha nyumba za pwani ambapo jirani hukaa bila kualikwa. Katika maneno haya kuna mvutano ambao utakufuata katika masomo yote: je, anayeongoza mabishano ni wa kukata, au ni wa kutenganisha tu, watu wapoe, kesho warudi kusema tena?

Wazee wa Usambara walikuwa na jibu lao, na ni jibu zito. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyeandika *The Shambaa Kingdom* mwaka 1974 na *Peasant Intellectuals* mwaka 1990, ameeleza jinsi Washambaa walivyozungumzia siasa kwa maneno mawili: kuzifya shi na kubana shi. Msomaji wa Kiswahili aangalie asiteleze, maana kubana hapa siko kule kwetu kwa kukaza. Ni kuharibu. Kuzifya ni kuponya, kutengeneza. Shi ni nchi. Nchi huponywa pale mwenye nguvu mmoja anapowashinda washindani wake wote, mvua ikawa mkononi mwake, akaitumia kwa heri ya watu. Nchi huharibika pale nguvu inapokutana na nguvu iliyo sawa nayo, kila mkuu akashindana na mwenzake kwa dawa za mvua, jua likawaka na njaa ikaingia. Kwa mtazamo huo, mabishano yasiyo na mwamuzi ni janga la mashamba.

Nakusihi usiupite mtazamo huu haraka kwa kuuona ni imani ya kale. Ni nadharia kamili ya uongozi wa ugomvi. Inasema kwamba ukali wa wasemaji si tatizo. Tatizo ni kukosekana kwa mtu ambaye wote wanakubali kwamba neno lake ni la mwisho. Hata simulizi za Mbegha, mwindaji kutoka Ungulu ambaye Wakilindi wanamtaja kuwa mwanzilishi wa ukoo wao wa utawala, zinamleta Vugha, makao ya utawala huo, kama mtu wa nje, asiye na shamba wala ukoo pale. Aligawa nyama, akaua simba, na watu wakamtwaa awe mkuu wao. Mgeni asiye na upande ndiye aliyefaa kukaa katikati.

Lakini itazame historia yenyewe. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Kikilindi, alitawala akiwa Vugha kwa miaka mingi, na mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848 na tena 1852, akakuta mfalme anayeogopwa mpaka karibu na pwani. Kimweri alikuwa amewaweka wanawe kuwa wakuu katika sehemu mbalimbali za nchi. Alipofariki, mwaka ambao Feierman anauweka kuwa 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mmoja wa wale wana, alikuwa amekaa Mazinde chini kwenye tambarare, penye njia ya misafara, na kwa hiyo penye bunduki. Hakukubali kuamuliwa na mtoto wa ndugu yake. Vita viliingia, Wabondei wakaasi, watu wengi wakauzwa utumwani. Kisa hiki kimeandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyewajua wahusika, Abdallah bin Hemedi, katika *Habari za Wakilindi*. Kitabu hicho kilitolewa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Kisome kabla ya vitabu vyote vya nadharia. Nakwambia kwa moyo wote: hakuna mwanafunzi wa elimu hii anayepaswa kukosa kukisoma.

Maoni yangu ni kwamba utulivu wa Kimweri ulikuwa na kasoro ndani yake. Ugomvi wa wanawe ulifunikwa kwa uzito wa baba, lakini hawakupata kufundishwa jinsi ya kugombana. Baba alipoondoka, hapakuwa na kikao ambacho Semboja na Shekulwavu wangekaa wote wawili, wakasema, wakashindwa, wakarudi nyumbani wakiwa hai. Nadharia ya kuzifya shi inaona mbali sana juu ya hasara za ugomvi usio na mwamuzi, ila haikuacha nafasi kwa ugomvi wenyewe kuendelea kwa usalama.

Washambaa wenyewe waliliona hilo, na hapa ndipo kazi ya Feierman inaponivutia kuliko pote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Mlalo, na baadaye sehemu nyingine za Usambara, kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa yake iliwaangukia wanawake. Watu walipinga, na machifu waliotumwa kusimamia amri hiyo wakajikuta katikati ya serikali na raia. Katika mikutano ya miaka ile maneno ya zamani yalirudi, safari hii yakiwa midomoni mwa wakulima na makarani, na kila upande ukiyavuta kwake. Wengine walisema bila mfalme mvua haitanyesha. Wanachama wa TANU, chama kilichodai uhuru, walisema nchi itaponywa kwa uhuru. Sheria ya machifu ilipofutwa mwaka 1963, ubishi haukufutwa pamoja nayo. Kila ukame ulipoingia palikuwa na mtu wa kuuliza kama kweli nchi inaweza kupona bila mwenye mvua.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji wa leo anakalia kiti chenye historia nzito kuliko mhuri anaoushika. Hana mvua. Si mgeni kama Mbegha: ana shamba la kabichi chini ya mfereji uleule unaogombewa, ana shemeji upande mmoja na mdeni wake upande wa pili. Anachaguliwa kila baada ya miaka 5, na waliomo mkutanoni ndio wapiga kura wake, maana Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Akimkatiza mzee, amevunja heshima. Akimwacha aseme, kijana mwenye hoja ataondoka na hatarudi. Akiruhusu kelele, wanawake waliokaa pembeni hawatanyoosha mkono hata mara moja, na muhtasari utaandikwa kwamba "wananchi wamekubaliana". Mwanafunzi anayesoma muhtasari peke yake, bila kuuona mkutano, atadanganyika kila siku.

Kisha kuna mtu ambaye kila baraza linamjua. Shauri lake lilikwishaamuliwa mwaka juzi, akashindwa, na bado analileta kila kikao kwa sura mpya. Leo ni mpaka wa shamba, kesho ni njia ya ng'ombe, keshokutwa ni hesabu za mradi wa maji, lakini ndani ni jambo lilelile. Mwenyekiti mwepesi humzima kwa kusema "tujikite kwenye ajenda". Mwenyekiti hodari hutambua kwamba mtu huyu hajasikilizwa, humpa zamu mapema kabla joto halijapanda, na humwomba mtu anayemheshimu akae karibu naye. Ujuzi kama huo hauandikwi katika mwongozo wowote, na ndio tunaotaka kuuandika.

Sheria imeingia humu kwa namna yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Halihukumu. Mabaraza ya Kata yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1985 yalikuwa yakiamua mashauri ya ardhi, lakini mwaka 2021 Bunge liliyaondolea uwezo huo na kuyaachia usuluhishi. Wapo wanaoyaona mabadiliko haya ni kuyanyang'anya mabaraza meno. Nayatazama kwa namna nyingine. Sheria imeyarudisha kwenye maana ile nyingine ya kuamua, ile ya mtoto aliyekuja mbio, na imemwachia msuluhishi kazi ngumu zaidi, kwa kuwa asiyeweza kuamrisha analazimika kusikiliza.

Nje ya Usambara kuna wenzetu wa kuwasoma. P. H. Gulliver, katika *Social Control in an African Society* cha mwaka 1963, aliwaeleza Waarusha waliopendelea kumaliza mashauri kwa pande mbili kujadiliana, kila upande na wasemaji wake, bila hakimu kati yao. Angelique Haugerud aliyachambua mabaraza ya machifu nchini Kenya mwaka 1995, akaonyesha jinsi kikao kinachoitwa cha wananchi kinavyoweza kuwa jukwaa la serikali. Kai Kresse alikaa kwenye vibaraza vya Mombasa, na Roman Loimeier akaandika juu ya vile vya Zanzibar. Wanapishana sana, na wewe pishana nao.

Lushoto yenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia masomo. Mji huu ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal ndio wenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambamo hufundishwa kazi za mahakama. Ukitoka hapo, barabara moja inakupeleka Soni na Bumbuli, nyingine Magamba, Shume na Mlalo, na katika kila bonde kuna maji machache kuliko mashamba yanayoyahitaji. Umbali kutoka hukumu iliyochapwa hadi ugomvi wenyewe ni mwendo wa basi moja.

Basi chukua daftari. Omba ruhusa kwa mwenyekiti na kwa mtendaji, msalimie kila mzee kwa zamu yake, kaa nyuma ambako wanawake hukaa, na ujifunze Kishambaa angalau cha kusikia, kwa kuwa watu wakikasirika huacha Kiswahili. Andika nani alisimama na nani aliketi bila kuitwa. Andika pia aliyetaka kusema akakosa nafasi, kisha mfuate nyumbani kwake kesho yake, umwombe akwambie alichotaka kusema.