Kuhamia Kolwezi: angalia lupangu mbele ya kutoa makuta

Baba akipata kazi Kolwezi, jamaa inabaki Lubumbashi kungoja nyumba. Komisionere naye anakuya mbio: garanti ya miezi sita! Tunakumbusha: sheria ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu. Benye nyumba bengi hawapendi kuitaja.

Manika ama Dilala, uliza kwanza basi ya kazi inasimama wapi. Nyumba ya bei chini ikiwa mbali, transporti itakula faida yote.

Na bei ikishuka sana, sisi tunaangalia chini. Kule Kasulo, tangu 2014, batu walichimba kobalti ndani ya malupangu yao. Tafuta nyufa ukutani, na shimo lililofukiwa nyuma ya nyumba. Majirani wanajua, uliza bale, siyo komisionere.