Maske, tuba na mtoto mdogo: kuangalia samaki wa Tanganyika bila kumpoteza mtoto machoni

Mwezi wa saba shule zinapofunga, kando ya ziwa Tanganyika, toka Kalemie mpaka Moba, watoto wanajaa majini. Kati yao kuna waliokuja na wazazi toka Lubumbashi, na wengine toka Ubelgiji ao Ufaransa, kumsalimia nkambo. Hawa wa Ulaya mara nyingi wanabeba kitu kimoja ndani ya valizi: maske ya kioo na tuba, ule mrija uliopindwa ambao mtu anaweka kinywani ili apumue huku uso uko ndani ya maji. Siku ya pili tu, mtoto wa miaka mine anataka kuivaa. Na binamu zake wa hapa, waliozoea maji toka zamani, wanataka kuijaribu kwa zamu.

Wana haki ya kutamani. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa moja ambalo wataalamu wanaita sikilide, na karibu zote haziko mahali pengine duniani. Wengi wanakaa kwenye mawe, karibu na kando, mita moja ao mbili tu chini. Kuko samaki ambaye mama anabeba mayai yake kinywani, na anaweza kukaa karibu mwezi muzima vile, mpaka watoto watoke wanaogelea. Kuko mwingine anayekula magamba ya wenzake: kinywa chake kimepinda, kwa wengine kuume, kwa wengine kushoto, ili kila mmoja ashambulie kwa upande wake. Wale wa rangi ya bluu wa upande wa Moba wanajulikana sana Ulaya, kwa watu wanaofuga samaki ndani ya kioo nyumbani. Lakini watoto wengi waliozaliwa kando ya ziwa hili samaki wanamjua paka ndani ya sahani.

Kwa hiyo maske si kitu cha kukataza. Shida yake ni hii: inamfungulia mtoto macho, lakini inamfunga macho muzazi. Mtoto anayeogelea kawaida anaonekana uso, anacheka, analia, anaita. Mtoto mwenye maske amelala kifudifudi, kimya, hatikisiki sana. Mtoto aliyeishiwa pumzi naye anaonekana hivyo hivyo. Toka kwenye kivuli cha mti, mita ishirini, hakuna anayeweza kuwatenganisha.

Na kuzama hakuna kelele. Watu wengi wanangoja mtoto apige yowe ao arushe mikono juu. Kinywa kikiwa chini ya maji, sauti itatoka wapi? Kwa mtoto mdogo mambo yanaweza kuisha chini ya dakika moja. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu mmoja kwa kila wane alikuwa mtoto asiyefikisha miaka mitano.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni ya mkono. Kila mtoto mwenye maske awe na mtu mzima wake, ndani ya maji, karibu kiasi cha kumshika bila kupiga hatua. Si kaka wa miaka kumi. Si shangazi anayeangalia huku anajibu WhatsApp. Watoto wawili, watu wazima wawili. Kama mtu mzima ni mmoja, mtoto mmoja anangoja kwa inchi kavu, hata akilia. Hapa familia nyingi zinaanguka, juu ya desturi ya kusema « wote tunawaangalia ». Wakiangalia wote, kwa kweli hakuna anayeangalia.

Tuba yenyewe inahitaji maelezo. Mtu akitoa pumzi ndani ya mrija, hewa ile chafu haitoki yote: sehemu inabaki ndani, na anaivuta tena. Mapafu ya mtu mzima ni makubwa, haimsumbui. Lakini mtoto mwenye mapafu madogo, ukimpa mrija mrefu na mpana wa baba yake, anaweza kuvuta tena na tena hewa ile ile aliyoitoa, kichwa kinaanza kuzunguka, nguvu zinaisha. Tuba ya mtoto ni fupi na nyembamba. Kurefusha mrija kwa kipande cha bomba, vile vijana wengine wanajaribu, ni hatari hata kwa mukubwa. Zile maske mpya zinazofunika uso wote hazifai kwa wadogo: hewa chafu inaweza kubaki ndani, na mtoto hawezi kuivua haraka maji yakiingia.

Chini ya miaka mitano, ni vizuri zaidi kuacha tuba kabisa. Maske peke yake inatosha: mtoto anazuia pumzi, anatia uso, anaangalia, anainua kichwa, anasimulia. Maske iwe ya kufunika pua. Kuipima ni rahisi: unaiweka usoni bila kufunga mpira, mtoto anavuta pumzi kwa pua, ikishikamana bila kuanguka, inamfaa. Mate kidogo ndani ya kioo, kisha kuisuuza, inazuia ukungu. Na mazoezi yaanzie ndani ya beseni nyumbani, siku mbili tatu, mpaka mtoto asiogope maji yakiingia puani.

Yale maboya madogo ya mikononi yanayojazwa pumzi yasimdanganye mtu. Yanatoboka, yanachomoka. Jile ya kweli inasaidia ikiwa ni ya kipimo chake, lakini nyingi zimetengenezwa kumgeuza mtu uso juu, kwa hiyo kuangalia samaki nayo ni kazi. Wengi wanatumia mpira wa ndani wa gurudumu la gari: mtoto analala juu yake kwa tumbo, uso katikati ya tundu. Inafaa, ila mtu mzima asiuachilie hata kidogo. Upepo unaotoka milimani ukisukuma mpira, unakwenda mbio kuliko muogeleaji. Na Tanganyika si mto wa kuvuka kwa miguu: ziwa lina kina cha mita 1,470 katikati, na pale penye mawe kando inaweza kushuka ghafla.

Mahali pa kuingia panahitaji kuulizwa kwa wavuvi, si kuchaguliwa kwa sababu pazuri kwa picha. Wao wanajua wapi mamba alionekana na wapi kiboko anatokea. Mdomo wa Lukuga, pale Kalemie, ambapo maji ya ziwa yanatoka kwenda mto Congo, unavuta. Mtoto asiingie karibu nao. Kisha kuna jambo la miaka hii: ziwa lilipanda, likameza nyumba, kuta na vyoo vya watu wengi Kalemie na Uvira. Maji yanaonekana safi, lakini chini kuna mabati, misumari na vitu vya choo. Hizo ni sehemu zinazojua kolera. Mtoto mwenye tuba anameza maji, hakuna njia ya kumzuia, kwa hiyo mbali na mitaa ndiyo salama zaidi. Kwenye mawe, mikono isiingie ndani ya mashimo: kuna nyoka wa maji, jamaa ya swila, anayekula samaki na kujificha humo. Hashambulii watu kwa kawaida, lakini sumu anayo.

Saa nayo ina maana. Alfajiri na jioni ni wakati wa kiboko na mamba. Katikati ya mchana jua linachoma mgongo wa mtoto bila yeye kusikia, juu ya ubaridi wa maji, na ndipo vijidudu vya kichocho vinatoka kwa wingi kwenye konokono. Kiangazi nacho kinaleta upepo wa kusini na mawimbi. Inabaki toka saa mbili mpaka saa ine asubuhi, na fulana ya mikono mirefu mwilini. Dakika kumi na tano zinatosha. Midomo ikianza kutetemeka, kazi imeisha.

Na kama mtoto ametolewa majini hapumui? Wengi wanamshika miguu, kichwa chini, ao wanamkandamiza tumbo ili maji yatoke. Hiyo inapoteza wakati, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Alazwe chali, kichwa kiinuliwe kidogo nyuma, apulizwe pumzi tano kinywani, kisha kifua kikandamizwe kwa nguvu mara 30, pumzi mbili, tena 30, bila kuacha, huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Hata akiamka mwenyewe, muganga amuone siku ile ile.

Kuhusu kichocho, kuna familia zinazoamini kwamba kumfuta mtoto haraka kwa taulo kunatosha. Vijidudu vinaingia ngozini kwa dakika chache tu. Mawe yasiyo na majani ya maji yana hatari ndogo kuliko ghuba tulivu karibu na kijiji, lakini ndogo si sufuri. Mtoto aliyeogelea apimwe mkojo na choo wiki sita mpaka nane baadaye, maana kabla ya hapo kipimo kinaweza kuonyesha hana kitu. Dawa ni prazikwanteli, inapimwa kwa kilo za mtoto. Wanaorudi Ulaya kabla ya wiki hizo kwisha wamwambie muganga wa kule wazi kwamba mtoto aliogelea Tanganyika, kwa sababu mwenyewe hatafikiri kuuliza.