Mzima ni Nani?

Katika maamkizi ya Kiswahili, neno "mzima" hutolewa kabla mwulizwaji hajapata nafasi ya kujichunguza. Aliyekesha na homa hujibu kwamba ni mzima, ndipo aeleze habari za homa. Neno lenyewe ni pana: mzima ni aliye hai, asiyeugua, asiyevunjika, tena ni mtu aliyekomaa. Wengi huupima uzima huo kwa shughuli. Anayeweza kulima, kuchota maji na kufika msibani ni mzima.

Kipimo hicho kina busara yake, lakini shinikizo la juu la damu hukikwepa. Mkulima mwenye shinikizo la 170 kwa 100 aweza kuamka alfajiri akapalilia hadi adhuhuri bila kuhisi lolote. Akiambiwa kliniki kwamba ameze vidonge kila siku, huvimeza mwezi mmoja, asione tofauti yoyote, akaviacha. Si mkaidi. Kwa maana anayoijua yeye, dawa ni ya mgonjwa, naye haumwi. Wakati huo mishipa ya ubongo, moyo na figo huendelea kuumia, na mara nyingine dalili ya kwanza huwa ni kiharusi.

Umbo la mwili nalo husomwa. Kuambiwa "umenawiri" ni sifa. Kuambiwa "umepungua" ni swali. Katika miaka ya 1980 watu wa Uganda waliuita UKIMWI "Slim", kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, na hofu ya kukonda haijatoweka. Mwenye kisukari anayeshauriwa apunguze uzito hufikiria pia majirani watasema nini. Ushauri usioigusa hofu hiyo ni nusu ya ushauri.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, iliieleza afya kuwa ni hali ya ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, wala si kutokuwa na maradhi tu. Kuingiza akili na jamii kulikuwa hatua kubwa. Neno "kamili" ndilo lenye taabu. Kwa kipimo hicho, mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI, anayemeza dawa zake hata virusi havionekani tena katika vipimo, anayelea wanawe na kuendesha genge lake la mboga, hatakuwa na afya maishani mwake. Mwaka 2011 Machteld Huber wa Uholanzi na wenzake walipendekeza, katika jarida la BMJ, afya itazamwe kama uwezo wa mtu kujirekebisha na kujimudu anapokabiliwa na matatizo ya mwili, hisia na jamii.

Kwa maana hiyo mwanamke yule ana afya. Lakini mkulima naye atajihesabu humo, kwani anamudu kila kitu isipokuwa kile asichokijua. Muuguzi mzoefu hamwanzii na tarakimu za mashine. Humwuliza kwanza ni kazi gani asingependa kuikosa, na akijibu kuwa ni shamba, humweleza jinsi kiharusi kinavyopooza upande mmoja wa mwili, pamoja na mkono unaoshika jembe.