Ghala Likifungwa, Uwanja Haufungwi

Kwenye uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, ghala la mazao halihitaji kibao. Paa la bati lililoshika kutu, milango mipana ya kupokea magunia na uwanja mpana mbele yake vinatosha kulitambulisha. Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini, na mahindi yalihitaji pa kuhifadhiwa. Kisha mambo yakageuka mara kwa mara: vyama vikuu vya ushirika vikafutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, Shirika la Taifa la Usagishaji likanunua mazao hadi likazidiwa, na mwishowe biashara ya nafaka ikaachiwa watu binafsi. Sera zilipita. Kuta hazikwenda popote.

Chukulia ghala moja la namna hiyo mahali kama Msanzi, kata ya wilaya ya Kalambo. Limefungwa miaka mingi na popo wamehamia. Anatokea mtu anayetaka kulivunja ajenge nyumba za kupangisha walimu, wauguzi na vijana wanaoanza maisha. Kwenye karatasi wazo hili halina doa: jengo halitumiki, na vyumba vya kupanga vinatafutwa. Mbona basi majirani wananuna?

Wataalamu wa mipango miji huzoea kujibu kwamba watu wanaogopa mabadiliko. Jibu hilo ni la kivivu. Uwanja wa ghala lililofungwa haukai bure: watoto wanauchezea mpira, wanawake wanaanikia mahindi kwenye sakafu yake ya saruji, njia ya mkato ya kwenda kisimani inapita katikati yake. Hakuna ramani inayoonyesha shughuli hizo, kwa hiyo zikiondolewa hakuna anayehesabu kwamba kuna kilichoondolewa.

Kawe, jijini Dar es Salaam, ni mfano mzuri kwa sababu ni mkubwa. Kiwanda cha nyama ya kopo cha Tanganyika Packers kilianzishwa huko mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ikishirikiana na kampuni ya Liebig. Kiwanda kilipokufa, eneo likabaki, na jiji likalipa kazi nyingine. Viwanja vya Tanganyika Packers vikawa pa ibada kubwa na mikutano ya kampeni. Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwa limelitwaa eneo hilo, lilipanga kujenga hapo mji mpya. Ujenzi wa maghorofa ya kwanza ukaanza, ukasimama kwa miaka kadhaa, ukaendelea tena. Mwaka 2022 ukaanza mradi wa Samia Housing Scheme, unaolenga nyumba 5,000 kwa jumla, na awamu ya kwanza ya nyumba 560 ikawekwa Kawe. Uwanja wa watu wengi ukawa makazi ya watu wengi. Wote walikuwa na haja ya kweli, lakini ni haja moja tu iliyokuwa imechorwa.

Sheria inasemaje? Mjini Sumbawanga, hati ya kiwanja hutaja matumizi yake, na anayejenga nyumba ya kuishi kwenye kiwanja cha biashara au ghala bila kibali anavunja sharti la hati. Anaweza kuipoteza. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na Sheria ya Mipango Miji ya 2007, ombi la kubadili matumizi hupitia halmashauri, na majirani wanapaswa kupewa nafasi ya kuweka pingamizi. Kwenye ardhi ya kijiji, Sheria Na. 5 ya 1999 inaiweka ardhi mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji, nayo hujibu kwa Mkutano Mkuu. Kwa hiyo mkazi wa kijijini ana jambo ambalo jirani yake wa mjini hana: anaweza kunyoosha mkono.

Si kila kibali cha haraka ni cha kushangilia. Uingereza iliruhusu mwaka 2013 ofisi zigeuzwe nyumba bila kupitia utaratibu kamili wa kibali. Utafiti ulioagizwa na serikali yenyewe na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba, kati ya nyumba zilizopatikana kwa njia ya mkato ya namna hiyo, asilimia 22.1 tu zilifikia kiwango cha kitaifa cha ukubwa. Vyumba vingine havikuwa na dirisha. Jengo lililojengwa kwa ajili ya mafaili halikuwa na mpango wa mtu kulala humo.

Ghala nalo lina yake. Kabla hajahesabu matofali, mjenzi anapaswa kuuliza nini kilihifadhiwa ndani. Huko Vikuge, mkoa wa Pwani, shehena ya takriban tani 170 za viuatilifu, DDT ikiwamo, iliyoletwa kama msaada mwaka 1986 ilirundikwa shambani, na watafiti waliopima udongo miaka mingi baadaye bado waliikuta sumu. Nafaka nayo huhifadhiwa kwa dawa. Kupima udongo ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kumwita fundi avunje sakafu ambayo familia zimeshaanza kuilalia.

Majirani wenye hofu hupoteza nguvu nyingi kwa kusema “hatutaki”. Afisa mipango hana pa kuliandika neno hilo. Wakisema njia ya kisimani ibaki na upana wa kupita mkokoteni, mashimo ya vyoo yakae mbali na kisima, maji ya paa yaelekezwe kwenye mfereji kabla ya mvua za Novemba, na pembe moja ya saruji iachwe ya kuanikia, maneno hayo yanaingia kwenye masharti ya kibali. Pembe ya kuanikia ndiyo itakayopingwa kwanza, kwa kuwa ni hapo mwenye mradi alipopanga kuegesha magari.