Kauli ya Nani? Kuwasoma Waandishi wa Tarikhi wa Kiyunani kwa Lugha Yao

Aingiaye chuo kikuu kwa nia ya kuwasoma waandishi wa tarikhi wa Yunani ya kale kwa lugha yao wenyewe hakutani kwanza na wafalme wala na vita, bali hukutana na majedwali ya nahau: majina yenye jinsi tatu, ambayo miisho yake hugeuka kwa kadiri ya kazi ya jina katika sentensi, vitenzi vyenye kauli ya kutenda, kauli ya kutendwa na ya tatu iliyo kati ya hizo mbili, na viungo vidogo vidogo vya maneno ambavyo mwalimu hudai vielezwe kimoja kimoja. Aghalabu mwaka wa kwanza hupotelea humo, na thawabu yake ni Xenophon, ambaye Kiyunani chake ni chepesi, na ambaye kisa chake cha askari wa kukodiwa wapatao elfu kumi, waliokwama katikati ya dola ya Uajemi mwaka 401 kabla ya Kristo, humwendesha msomaji kituo baada ya kituo.

Ndipo huulizwa, na jamaa zake na pengine na huyo anayemlipia karo, ya nini taabu yote hii, ilhali tafsiri zimejaa tangu Thomas Hobbes alipomtoa Thucydides kwa Kiingereza mwaka 1629, na ilhali vitabu vya Loeb, vilivyoanza kutoka mwaka 1912, humwekea mtu Kiyunani upande wa kushoto na Kiingereza upande wa kulia? Jibu lililozoeleka ni uzuri wa lugha, nami silikanushi, ila naliona dhaifu, maana uzuri ni jambo la ladha, na aliyekwisha kuridhika na tafsiri hawezi kushurutishwa kuutamani. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya kikadhi: ni nani anayelishuhudia jambo hili, na mwandishi amejifunga kiasi gani na kauli anayoiandika?

Herodotus, mzaliwa wa Halicarnassus, mji ambao leo ni Bodrum katika Uturuki, ana kisa maarufu katika kitabu chake cha kwanza. Arion, mwimbaji hodari aliyekaa kwa Periander mtawala wa Korintho, alikwenda Italia na Sicilia, akachuma mali, akakodi chombo cha Wakorintho pale Tarentum ili arejee. Mabaharia wakamfanyia njama, wakamhiarisha ajiue au ajitose. Akaomba ruhusa ya kuimba, akavaa mavazi yake yote ya uimbaji, akaimba, akajitupa. Pomboo akambeba mpaka Tainaron. Hivyo ndivyo nilivyokieleza mimi, kwa "aka" na "waka", kana kwamba nilikuwamo chomboni. Herodotus hakukieleza hivyo. Yeye alitanguliza kwamba Wakorintho wasema, na watu wa Lesbos wakubaliana nao, kisha akavivua vitenzi vikuu vya kisa nyakati zao, akaviweka katika hali ifananayo na "kusafiri" na "kutaka" kwetu, na mtenda akamvika umbo la mtendwa. Basi lau ungemfuata sawasawa ungesema, wasema Arion kutamani kwenda Italia, na mabaharia kumfanyia njama, na yeye kuvaa, na kuimba, na kujitupa. Alama hiyo, ya kwamba hii ni kauli ya watu na si yangu, hudumu tangu mwanzo wa kisa hata mwisho wake. Na afikapo kwa pomboo, pale pale penye ajabu, mwandishi aliongeza tena neno la "wasema", ingawa nahau haikumlazimisha. Kisa kilipokwisha, vitenzi vikarudi katika hali yao ya kawaida, naye akataja kwa kauli yake mwenyewe kwamba huko Tainaron ipo sanamu ya shaba nyeusi, si kubwa, ya mtu aliyempanda pomboo.

Tafsiri hutaja "wasema" mara mbili tatu, halafu hutiririka na hadithi, kwa kuwa Kiingereza, kama Kiswahili, hakiwezi kuichukua alama ile safari nzima bila ya kumchosha msomaji. Na hapo Herodotus huonekana mtu wa kuamini kila aambiwalo, sifa ambayo naiona ni dhuluma. Walakini isidhaniwe kwamba hali ile ya kitenzi maana yake ni "siamini". Maana yake ni "nimepokea", basi. Aliyelelewa na isnadi za hadithi za Mtume, yaani misururu ya wapokezi wake, atalitambua jambo hili upesi, ingawa Herodotus aghalabu hutaja kaumu nzima pasipo jina la mpokezi, wala hapimi uadilifu wa wapokezi kwa mizani ya maulama.

Thucydides wa Athens alishika njia nyingine. Wapokezi wake karibu wote aliwaficha, akasema kwa ulimi wake mwenyewe, tena kwa sentensi nzito zilizobanwa hata Dionysius wa Halicarnassus, Myunani aliyeishi katika karne ya 1 kabla ya Kristo, aliandika kwamba wenye kumwelewa kote ni wa kuhesabika. Hilo ni jambo ambalo walimu hupenda kuwasimulia wanafunzi waliokata tamaa. Hata habari yake mwenyewe aliisimulia kwa namna hiyo: Athens ulipoupoteza mji wa Amphipolis vitani mwaka 424 kabla ya Kristo, jemadari aliyekuja mbio kutoka Thasos na merikebu saba, akauwahi mji wa Eion na kuukosa Amphipolis, alikuwa ni yeye. Hajitetei. Hujitaja kwa jina, kama amtajavyo mtu mwingine yeyote, na uhamisho wa miaka 20 uliofuata hautaji mpaka katika kitabu cha tano, tena kwa kueleza tu kwamba ulimpa nafasi ya kuyaona mambo ya pande zote mbili za vita.

Yuko pia shahidi mwingine ambaye wasomaji humsahau, naye ni mnakili. Ukiacha vipande vya mafunjo vilivyofukuliwa Misri, nakala kongwe za mabwana hawa wawili ni za karne ya 10, zaidi ya miaka 1,300 baada yao. Na zinapohitilafiana, mhariri huchagua, kisha huandika chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, yale aliyoyaacha. Mwambao wetu wa Afrika Mashariki nao umo katika jambo hili. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1 kinachotaja Azania na bandari ya Rhapta, kazi ya mfanyabiashara wa Misri asiyejulikana jina, si tarikhi kwa maana kamili, lakini husomwa kwa kanuni zile zile, nacho chategemea nakala moja ya karne ya 10 iliyoko Heidelberg. Mahali kinapotaja kisiwa kilicho kiasi cha stadia 300, kwa kipimo cha Kiyunani, kutoka bara, mnakili aliacha mfululizo wa herufi zisizo na maana, ambazo ndani yake sehemu ya jina yatambulikana. Wataalamu wakalisahihisha kuwa Menuthias, kwa kuwa Ptolemy wa Alexandria alilitaja jina hilo. Mabishano ya kwamba kisiwa chenyewe ni Pemba, au Unguja, au Mafia, aghalabu huendeshwa juu ya tafsiri, ambamo jina limekwisha kupigwa chapa safi. Herufi zilizovurugika zimo chini ya ukurasa wa Kiyunani, katika chapa ya Hjalmar Frisk ya mwaka 1927.