Kwa nini "mashangingi" huuzwa kwa bei ya nyumba

Na Mwandishi Wetu

Kila panapotajwa ununuzi wa magari ya umma, au gari jipya la kifahari linapopita barabarani, wananchi huulizana swali lile lile: ndani ya gari hilo mna nini hata bei yake ilingane na ya nyumba? Ni swali la haki. Bei hiyo imejengwa kwa tabaka kadhaa, na anayelipa, awe mtu binafsi au taasisi inayotumia fedha za walipa kodi, anastahili kujua kila tabaka linampatia kitu gani.

Mfano mwepesi unapatikana kwa magari matatu ya ukoo mmoja kutoka kampuni ya Toyota ya Japan. La kwanza ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo Watanzania wanaifahamu kama gari la wagonjwa, la polisi na la kubebea watalii mbugani. Iliporejeshwa katika soko la Japan mwezi Novemba 2023, bei yake ilikuwa yeni milioni 4.8. La pili ni Land Cruiser 300, iliyotoka Agosti 2021 kwa bei ya kuanzia yeni milioni 5.1 hadi milioni 8 kulingana na toleo. La tatu ni Lexus LX 600, iliyoingia sokoni Januari 2022 kwa yeni milioni 12.5, huku toleo lake la juu kabisa, lenye viti vinne tu, likiuzwa kwa yeni milioni 18.

Msomaji azingatie jambo moja. Lexus hiyo na Land Cruiser 300 ya petroli zimejengwa juu ya msingi mmoja wa chesisi, zina injini ya aina moja ya lita 3.5 yenye silinda sita na turbo mbili, na nguvu zake ni sawa. Hata hivyo, moja inaweza kuuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya nyingine.

Tuanze na kile ambacho hata gari la bei ya chini katika ukoo huo linacho. Magari madogo ya kawaida hayana chesisi inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, abiria na misukosuko yote ya barabara. Fowili ya kazi nzito hujengwa kwa namna nyingine. Chini yake hulazwa mihimili miwili ya chuma iliyounganishwa kwa vipande vya kukatiza, mfano wa ngazi, kisha bodi hufungwa juu yake. Gari linapopita penye makorongo, tairi moja likiwa juu na jingine likiwa shimoni, ni ngazi hiyo inayopokea msokoto, na milango huendelea kufunguka na kufungwa kama kawaida. Chuma hicho ni kizito, na uzito huo hudai injini kubwa, breki kubwa na ekseli imara zaidi. Gharama moja huzaa nyingine.

Kisha kuna difu. Katika gari la kawaida, tairi moja likitumbukia kwenye utelezi huzunguka bure huku mwenzake, aliye penye ardhi ngumu, akikaa kimya, kwa sababu difu hupeleka nguvu mahali penye ukinzani mdogo. Dereva yeyote aliyewahi kukwama masika anaujua mchezo huo. Dawa yake ni kufuli ya difu, inayolazimisha matairi yazunguke pamoja. Mercedes-Benz G-Class, gari linalotengenezwa katika mji wa Graz nchini Austria tangu mwaka 1979, lina kufuli tatu: ya mbele, ya katikati na ya nyuma. Gari hilo hujaribiwa katika njia za mawe za mlima Schöckl, wenye urefu wa mita 1,445, ulio jirani na mji huo. Ukiongeza kisanduku cha pili cha gia kinachotoa gia nzito za kupandia milima, unakuwa na mitambo ambayo mmiliki wengi hawaitumii hata mara moja kwa mwaka, lakini wameilipia yote.

Idadi nayo ina uzito wake. Gharama za kusanifu na kujaribu gari hugawanywa kwa kila gari linalouzwa. Toyota Corolla, tangu mwaka 1966, imeuzwa zaidi ya magari milioni 50. Land Cruiser, iliyoanza mwaka 1951, ilitimiza milioni 10 mwaka 2019, baada ya miaka 68. Mnunuzi wa gari linalotengenezwa kwa uchache hubeba fungu kubwa zaidi la gharama hizo.

Hadi hapo bei ina maelezo ya kihandisi. Kutoka hapo kwenda juu, sehemu kubwa ya bei hununua utulivu. Chesisi ya ngazi inafaa kwa matope lakini si rafiki wa usingizi. Hutikisa na hupitisha kelele. Kulifanya gari la namna hiyo lielee kama saluni ni kazi ya gharama kubwa: mfumo wa majimaji unaoinua na kushusha bodi, vioo na vizuia sauti, kamera pande zote, kompyuta za kuratibu vyote hivyo. Katika Lexus ya viti vinne, kiti cha nyuma hulala hadi nyuzi 48 na abiria ana mahali pa kunyoosha miguu. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinacholisaidia gari kuvuka kijito kilichofurika, na mnunuzi hapaswi kuaminishwa kuwa kinasaidia.

Historia ya magari haya inachekesha kidogo katika hilo. Range Rover ya kwanza, ya mwaka 1970, ilikuwa na viti vya plastiki na sakafu ambayo mkulima angeweza kuiosha kwa mpira wa maji. Heshima ya anasa ilikuja baadaye, na bei ikaifuata.

Uhaba umechangia pia. Land Cruiser 300 ilipotoka, maombi yalizidi uwezo wa kiwanda hata Toyota ikatangaza, mapema mwaka 2022, kwamba mteja nchini Japan angeweza kusubiri hadi miaka minne. Wanunuzi walitakiwa kuahidi kwa maandishi kutoliuza gari ndani ya mwaka wa kwanza, kwani lilikuwa likinunuliwa na kuuzwa tena nje ya nchi kwa faida. Baadhi ya matoleo huwashwa kwa alama ya kidole, kinga dhidi ya wizi. Bidhaa inayosubiriwa miaka minne haiuzwi kwa punguzo, na iliyotumika nayo hushikilia bei.

Gari linapofika bandarini, hesabu nyingine huanza. Uzito wa kodi katika bei ya magari haya ulionekana wazi nchini India mwezi Mei 2024, pale Range Rover ilipoanza kuunganishwa mjini Pune badala ya kuagizwa ikiwa kamili kutoka Uingereza. Bei ilitarajiwa kushuka kwa kati ya asilimia 18 na 22. Gari lilibaki lile lile. Kilichobadilika ni ushuru.

Nchini Tanzania, gari la abiria linaloagizwa likiwa kamili hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake ikijumuisha bima na usafirishaji hadi bandarini. Juu ya jumla hiyo huongezwa ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 ni asilimia 10. Kisha jumla mpya hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kila kodi hukaa juu ya mgongo wa iliyotangulia, na hapo ndipo waagizaji wengi hushtuka.

Tuchukue gari jipya lililofika Dar es Salaam likiwa na thamani ya shilingi milioni 100. Ushuru wa forodha ni milioni 25, na jumla inakuwa milioni 125. Ushuru wa bidhaa ni milioni 12.5, jumla milioni 137.5. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni milioni 24.75. Gari limefikia shilingi milioni 162.25 kabla ya tozo ya maendeleo ya reli, ada za forodha, usajili na faida ya muuzaji.

Wapo wanaodhani njia ya kukwepa mzigo huo ni kuagiza shangingi kuukuu, ambalo ughaibuni bei yake imeporomoka. Hapo kuna mtego. Gari la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Kwa gari la thamani ile ile ya milioni 100 lenye zaidi ya miaka 10, kodi hizo tatu pamoja na nyongeza hiyo hufikia milioni 106.5, yaani zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Viwango hivi hupitiwa kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha, hivyo ni lazima kuangalia vinavyotumika siku ya kuagiza.

Bei ya kununua si mwisho wa matumizi. Kwa vipimo rasmi vya Japan, Land Cruiser 300 ya petroli huenda takriban kilomita 8 kwa lita moja. Land Cruiser 70 ya dizeli hufikia takriban 10. Turbo mbili, mifumo ya majimaji na kompyuta zinapoharibika, fundi wa wilayani hana vifaa vya kuzitengeneza, na gari husafirishwa hadi mjini. Kwa upande wa Serikali, ambayo hununua magari kwa pamoja kupitia Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini (GPSA), gharama za kuyaendesha na kuyatunza ndizo zilizochangia pendekezo la hotuba ya bajeti ya mwaka 2022/23 la kuwakopesha magari watumishi wanaostahili, badala ya kuwanunulia.

Kwa mwananchi anayekusudia kuagiza gari lililotumika, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo katika tovuti yake. Muombaji huingiza aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka na ukubwa wa injini, kisha huoneshwa thamani inayotumika kukadiria kodi na kiasi cha kulipa. Thamani hiyo inaweza kuwa juu ya ile iliyoandikwa kwenye risiti ya muuzaji, kwa hiyo hesabu hiyo ifanywe kabla ya fedha kutumwa nje.