Lundo la Mboji ni Kama Mfugo: Lipe Chakula, Maji na Hewa

Kila mwaka baada ya mavuno, moshi huonekana katika mashamba mengi ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Mabua ya mahindi, makapi ya maharage na nyasi huchomwa ili shamba lionekane safi. Miezi michache baadaye mkulima yuleyule huhangaika kutafuta fedha za kununua mbolea. Chakula cha udongo kimekwenda na moshi, na sasa anajaribu kukirudisha kwa kukinunua.

Mwaka 2022 bei ya mbolea za viwandani ilipanda sana duniani kote, na Serikali ya Tanzania ikaanza kutoa ruzuku. Ruzuku ni msaada mkubwa kwa mkulima. Hata hivyo, udongo uliochoka, usio na mabaki ya mimea yaliyooza, hauwezi kushika vizuri maji wala mbolea. Mvua kubwa ikinyesha, sehemu ya mbolea iliyonunuliwa kwa taabu huchukuliwa na maji. Udongo wa namna hiyo unahitaji mboji.

Wengi wetu tumewahi kufundishwa kutengeneza mboji, ambayo wengine huiita mbolea vunde. Kikundi hukutana, lundo hujengwa kwa siku moja, kila mtu hufurahi. Ukipita baada ya miezi miwili, mara nyingi utakuta lundo limekauka na kuku wanalichakura. Kujenga walijua, ila kulitunza walisahau. Katika makala hii tutaeleza yote mawili, na zaidi lile la pili.

Si jambo geni kwetu

Kurudisha mabaki ardhini si elimu iliyoletwa na wageni. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wanajulikana kwa kilimo cha ngoro. Hupanga nyasi zilizofyekwa katika mistari inayokatana kama madirisha, kisha huchimba shimo katikati ya kila mraba na kufunika nyasi kwa udongo huo. Mazao hupandwa juu ya kingo, palizi hutupwa shimoni, na vyote huoza vikalisha udongo. Katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, wakulima wamekuwa wakifuga ng'ombe ndani na kukusanya samadi kwa uangalifu ili kipande kidogo cha ardhi kiweze kulisha watu wengi.

Mtaalamu wa kilimo kutoka Uingereza, Albert Howard, alifanya kazi Indore, India, na mwaka 1931 alichapisha kitabu kilichoeleza namna ya kupanga mabaki ya mimea na samadi katika tabaka na kuyageuza kwa vipindi. Njia nyingi za mboji tunazofundishwa leo zinafanana na hiyo.

Ndani ya lundo kuna nini?

Ndani ya lundo kuna viumbe hai wasiohesabika: bakteria, kuvu, na baadaye minyoo na wadudu wadogo. Hao ndio wanaogeuza mabua kuwa mboji. Wewe kazi yako ni kuwafuga. Kama mfugo mwingine wowote, wanahitaji vitu vitatu.

Chakula. Wanahitaji vyakula vya aina mbili. Vikavu, kama mabua, nyasi kavu, pumba za mpunga na majani makavu, huwapa nguvu, kwa sababu vina kaboni nyingi. Vibichi, kama majani mabichi, palizi, maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, pamoja na samadi, hujenga miili yao, kwa sababu vina nitrojeni nyingi. Kwa kipimo cha ndoo, weka vikavu ndoo mbili kwa kila ndoo moja ya vibichi.

Maji. Lundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Chukua konzi moja kutoka ndani ukaikamue. Yakitoka matone moja au mawili, unyevu unatosha. Maji yakichuruzika yamezidi. Isipotoka hata tone na mkono ukabaki mkavu, lundo lina kiu.

Hewa. Viumbe hawa hupumua. Wakikosa hewa hufa, na wengine wasiohitaji hewa huchukua nafasi yao. Hao ndio waletao harufu mbaya.

Wakiwa na vyote vitatu, hufanya kazi kwa bidii hadi lundo likapata joto. Katikati ya lundo zuri joto hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi katika wiki ya kwanza. Joto hilo likidumu siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Lundo dogo hupoteza joto haraka, kwa hiyo lisipungue mita 1 kwa upana, urefu na kimo. Mita 1.5 ni nzuri zaidi.

Wakati na mahali

Katika maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, jenga lundo la kwanza mwezi wa Aprili au Mei. Nyasi bado ni mbichi, na maji yapo. Mboji itakuwa tayari kabla ya kupanda mwezi wa Novemba au Desemba. La pili lijengwe Julai, baada ya kuvuna mahindi, ambapo mabua ni mengi. Hili litahitaji kumwagiliwa zaidi.

Chagua mahali penye kivuli, karibu na bustani, mbali na kisima, na pasipotuama maji. Wakati wa mvua jenga juu ya ardhi. Wakati wa kiangazi, au mahali pakavu, unaweza kutumia shimo lenye kina cha nusu mita ili unyevu usipotee.

Jinsi ya kujenga

1. Kata mabua vipande vya urefu wa kiganja. Yakiwa makavu sana, yaloweke usiku mmoja.

2. Lima kidogo mahali pa lundo ili minyoo ipande kutoka chini. Tandika vijiti na mabua magumu, kimo cha sentimita 20, ili hewa ipite.

3. Weka tabaka la vikavu, sentimita 20. Nyunyizia maji.

4. Weka tabaka la vibichi, sentimita 10. Majani ya jamii ya mikunde, kama marejea, ni mazuri sana.

5. Weka samadi, sentimita 5. Ya ng'ombe, mbuzi, kuku au sungura zote zinafaa.

6. Tawanya udongo kidogo wa juu, na majivu kidogo sana kama ya kunyunyiza chumvi. Majivu mengi hupoteza nitrojeni. Nyunyizia maji tena.

7. Rudia hatua ya 3 hadi ya 6 mpaka kimo kifike mita 1.5. Usikanyage lundo.

8. Chomeka mti mrefu uliochongwa, kwa mshazari, hadi katikati. Huo ndio kipimajoto chako. Mwisho funika kwa nyasi au majani ya migomba.

Usiweke plastiki, chupa, betri, nyama, mifupa wala mafuta ya kupikia. Usiweke kinyesi cha watu, mbwa au paka, wala mimea iliyokufa kwa mnyauko. Ndago zikaushwe juani kabisa kwanza, la sivyo zitaota ndani ya mboji. Majani ya mikaratusi yasiwe mengi.

Kulitunza lundo

Hapa ndipo malundo mengi hufia. Utunzaji si kazi nzito, ila unataka ukumbusho. Familia moja inaweza kupeana zamu: mtoto mmoja achomoe mti kila Jumamosi, mwingine alete maji, mkubwa ageuze.

Ukichomoa mti, ushike. Ukiwa na joto na unyevu, lundo liko salama. Ukiwa na joto lakini ni mkavu, au una utando mweupe, ongeza maji. Ukiwa baridi na unanuka, maji yamezidi na hewa imekosekana.

Geuza lundo baada ya wiki mbili au tatu, kisha kila baada ya wiki tatu. Tumia jembe uma, na hakikisha vilivyokuwa nje vinaingia ndani. Wakati wa kugeuza ndio wakati bora wa kunyunyizia maji. Kiangazi, tumia maji yaliyooshea mchele au mboga, na usiache lundo bila kifuniko.

Mabaki ya jikoni ya kila siku yafukie ndani na kuyafunika kwa vikavu. Ukiyaacha juu utawaita inzi na panya. Lundo likishapata joto na kuanza kuiva, acha kuongeza. Anza jingine kando, la sivyo halitaiva kamwe.

Dalili za shida na dawa yake

Lundo halipati joto: ni dogo mno, ni kavu, au limekosa vibichi. Ongeza samadi na majani mabichi, mwagilia, kisha geuza.

Linanuka kama mayai viza: limelowa na halina hewa. Geuza, changanya mabua makavu, na funika mvua isiingie.

Linanuka kama mkojo: nitrojeni imezidi na inapotea hewani. Ongeza vikavu.

Lina sisimizi au mchwa: ni kavu. Mwagilia hadi ndani na geuza.

Vaa viatu na uoshe mikono kwa sabuni kila unapomaliza. Mikato midogo na samadi huweza kuleta pepopunda.

Itakapokuwa tayari

Baada ya miezi mitatu au minne lundo hupungua hadi karibu nusu. Mboji iliyoiva ni nyeusi, hupukutika mkononi, na hunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Hutambui tena bua wala jani, na ukiligeuza lundo halipati joto tena. Ukiwa na shaka, panda mbegu chache za mchicha katika kopo la mboji na nyingine katika kopo la udongo. Zikiota vibaya kwenye mboji, iache mwezi mmoja zaidi. Mboji isiyoiva hunyang'anya mimea nitrojeni.

Lundo la mita 1.5 kila upande hutoa debe 80 hivi. Tuta la mboga litumie debe moja kwa kila mita moja ya mraba. Shina la migomba lipe debe moja au mawili. Kwa mahindi, weka viganja viwili vilivyojaa katika kila shimo na kuchanganya na udongo. Kwa kipimo hicho debe moja hutosha mashimo 50 hivi, na lundo zima mashimo 4,000. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 50, hiyo ni karibu nusu ekari.

Tuseme ukweli: mboji haina nguvu ya haraka kama ya dukani. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Lundo lako lina pungufu ya hapo, tena huitoa polepole. Mwaka wa kwanza usitarajie maajabu katika shamba zima. Anza na bustani ya mboga na kipande kimoja cha mahindi. Wenye uwezo wa kununua mbolea kidogo wasiache. Mboji itasaidia mbolea hiyo isipotee. Lakini mboji hufanya kitu ambacho urea haiwezi: huurudishia udongo uhai wake, na faida huongezeka mwaka hadi mwaka.

Injili ya Luka, sura ya 13, inasimulia habari za mtini ambao kwa miaka mitatu haukuzaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba aliomba uachwe mwaka mmoja zaidi ili auchimbie pembeni na kuutilia samadi. Hakuomba mti mwingine wala ardhi nyingine; aliomba muda na mbolea. Mashamba yetu mengi yako katika hali ya mtini ule. Kabla hatujasema ardhi imekufa, na kabla vijana hawajaondoka kutafuta nyingine, tuipe kwanza huo mwaka mmoja wa kutunzwa.

Maswali ya majadiliano katika kikundi

1. Baada ya mavuno, mabaki ya mazao yetu huenda wapi? Nani hufaidika nayo?

2. Katika kijiji chetu, malundo mangapi yalianzishwa na kuachwa? Sababu ilikuwa nini?

3. Wajane, wazee na wagonjwa hawawezi kugeuza lundo peke yao. Kikundi au jumuiya yetu inaweza kupangaje zamu za kuwasaidia?

4. Ni nani kati yetu ataanza wiki hii, na ni nani atamtembelea baada ya wiki tatu kuona kama amegeuza?